Mito Minne ya Mama Mikate

Nyumba yao ilikuwa na milango miwili ya mbele. Mlango wa kulia uliingia kwenye chumba cha mikate. Mlango wa kushoto uliingia kwenye karakana ya makochi. Mke alikanda unga upande huu, mume alipigilia misumari upande ule. Katikati palikuwa na ukuta mwembamba wa mbao, na kupitia ukuta huo waliongea kutwa nzima.

"Baba watoto! Nyundo yako inashusha mikate yangu!"

"Mikate ikishuka ni hamira, mke wangu. Nyundo haina kosa."

"Ngoja nije huko nikuoneshe kosa lake!"

Watu wa mtaa walimwita mke Mama Mikate. Mume walimwita Fundi tu. Watoto wao walikuwa wakubwa, kila mmoja na nyumba yake mbali. Nyumbani walibaki wao wawili, tanuri moja, na vumbi la sponji.

Lakini tangu mwaka uliopita, maneno ya upande wa mikate yalianza kupungua. Mama Mikate alikuwa akikanda donge la unga, mara anaacha na kuegemea meza. Akibeba trei kutoka mezani hadi kwenye tanuri, alifika amefumba macho. Miguu ilivimba jioni, viatu vikakataa kuingia. Na bado alikuwa hajafika miaka hamsini.

Mkabala na nyumba yao kulikuwa na kibanda cha Kinyozi. Kinyozi alijua kunyoa, na alijua kila kitu kingine.

"Shemeji, hiyo ni pumu," alisema. "Unavuta unga badala ya hewa."

Mama Mikate alikwenda zahanati, akapewa dawa ya pumu ya kuvuta. Haikumsaidia.

"Basi ni uzito, shemeji. Acha kuonja mikate."

Aliacha kuonja. Akakonda usoni, pumzi ikabaki ileile.

"Basi shemeji, ni umri tu."

"Umri? Si tulizaliwa mwaka mmoja mimi na wewe?"

"Ndiyo, lakini mimi nimetunzwa vizuri."

Wakacheka wote. Mama Mikate alicheka kidogo, akaishia kukohoa.

Tatizo kubwa lilikuwa kulala. Akilala chali, kifua kilijaa kama mtu aliyetumbukia majini. Aliamka, akakaa, ndipo pumzi ikarudi. Fundi aliliona jambo hili, na kwa kuwa alikuwa fundi, alilitafutia dawa ya kifundi. Alimshonea mto mpya, mnene, wa sponji nzuri. Mambo yakawa afadhali kwa muda. Yaliporudi, akamshonea wa pili. Kisha wa tatu. Wa nne aliutengeneza kwa umbo la mteremko, mpana chini na mwembamba juu, akauvika kitambaa cha maua. Kila mto ulisaidia kidogo, na kila mto ulimfanya Fundi ajivune zaidi.

"Mke wangu analala kama malkia," aliwaambia wateja.

Kwa kweli malkia huyo hakuwa akilala. Alikuwa akikaa kitandani na kusubiri kuche.

Siku moja asubuhi, aliingia mteja mgeni karakanani. Alikuwa mwanamke kijana, amevaa koti jeupe.

"Shikamoo, baba. Mimi ndiye Tabibu mpya wa zahanati. Nimehamishiwa hapa kutoka hospitali kuu. Nimekuja kuagiza mto. Kiti nilichokirithi ofisini kinaniadhibu."

"Marahaba, umefika penyewe!" Fundi alisema. "Mito yangu ina ushahidi. Mke wangu yuko hapo nyuma ya ukuta, muulize. Nimemshonea minne, na yote minne anailalia kwa pamoja. Bila hiyo halali!"

Tabibu alikuwa ameinama akipapasa sponji. Mkono wake ukasimama.

"Bila hiyo halali? Kwa nini?"

"Pumzi inambana. Lakini akiegemea mito yangu, safi kabisa."

"Alianza na mingapi?"

"Mmoja. Nimekuwa nikimwongezea taratibu." Fundi alitabasamu. "Sasa nafikiria wa tano."

"Baba, usishone wa tano," Tabibu alisema. "Niitie mama."

Mama Mikate alitokea, mikono myeupe kwa unga. Hatua zile chache kutoka upande wake zilimchosha. Aliketi kabla ya kusalimia. Tabibu alimtazama miguu, akamtazama mishipa ya shingo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja... kununua mkate?"

"Nilikuja kununua mto. Sasa nataka wewe uje kwangu zahanati. Leo hii, mikate ikishaiva."

Walikwenda watatu. Kinyozi alifunga kibanda chake na kuwasindikiza, kwa sababu, alisema, kazi ya kuutaja ugonjwa ule aliianza yeye.

Zahanati, Tabibu aliweka kipimo masikioni na kukigusisha kifuani kwa Mama Mikate. Alisikiliza kwa muda mrefu. Akamwambia alale ubavu wa kushoto, akasikiliza tena.

"Mama, ulipokuwa mtoto uliwahi kuumwa koo sana? Kisha magoti na viwiko vikavimba?"

Mama Mikate alishangaa. "Nani kakwambia? Nilikaa nyumbani muhula mzima. Mama alinichua kwa mafuta, nikapona."

"Viungo vilipona. Kitu kingine hakikupona." Tabibu alivua kipimo. "Una tatizo la moyo."

Fundi alishika kofia yake. "Moyo? Mke wangu, nimekukosea nini? Kama ni ile siku ya nyundo, nilikuwa natania!"

"Baba, nasema moyo huu wa nyama," Tabibu alisema, akijikaza asicheke. "Si ule wa kununa."

"Ule wa kununa pia anao," Kinyozi alisema.

"Nyamaza wewe," Mama Mikate alimwambia. "Tabibu, eleza. Nataka kuelewa."

Tabibu alisimama, akaenda mlangoni.

"Moyo ni pampu. Una vyumba vinne, na una milango midogo ya kupitishia damu. Milango hiyo inaitwa vali. Vali nzuri hufunguka, damu ikapita, kisha hujifunga, damu isirudi ilikotoka. Sasa njooni hapa. Baba na Kinyozi, ninyi ni damu. Tokeni nje."

Alifungua mlango wote. Wakatoka, mmoja baada ya mwingine.

"Rudini ndani. Sasa naufungua nusu. Tokeni tena, haraka, kama damu."

Fundi alikuwa na kitambi kikubwa. Alijaribu kupita kiubavu, akanasa. Kinyozi alimsukuma kwa nyuma.

"Sogea, damu wewe!"

"Usinisukume! Nimebanwa!"

Mama Mikate alicheka hadi akashika kifua.

"Mmeona?" Tabibu alisema. "Vali ya mama imekuwa ngumu kwa ule ugonjwa wa utotoni. Inafunguka nusu. Damu inapanga foleni nyuma yake. Na nyuma ya mlango huo ni mapafu. Basi maji yanabaki kwenye mapafu. Akilala, yanamlemea. Akikaa, anapata nafuu. Ndiyo maana mto uliniambia kabla hata sijamwona. Mtu akianza kuhitaji mito mingi ili apumue, asiongezewe mto. Apelekwe kupimwa."

Fundi alitoka mlangoni polepole. "Kwa hiyo mito yangu ilikuwa mibaya?"

"Mito ni mizuri, baba. Ilimsaidia mama, lakini ilituficha ugonjwa."

Mama Mikate aliuliza swali lililokuwa kooni kwa wote. "Nitakufa?"

"Tukikaa hivi, hali itazidi kuwa mbaya na unaweza kufa. Tukienda mapema, vali nyingi za namna hii zinatibika. Kwanza unahitaji kupimwa kwa eko, mashine inayoonyesha picha ya moyo ukiwa unapiga. Haichomi wala haiumi."

"Iko wapi?"

Hapo Tabibu alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Mama, nitakwambia ukweli. Kule nilikotoka, kwenye mji wa hospitali kuu, mashine hizo zipo kadhaa. Madaktari wa moyo wanapishana kwenye ngazi. Mtu wa kule akikosa pumzi, anapigwa picha ya moyo upesi. Mkoa wetu huu hauna mashine hata moja inayofanya kazi, wala daktari wa moyo. Kwa hiyo watu wa hapa wanaambiwa pumu, wanaambiwa uzito, wanaambiwa umri."

Kinyozi aliangalia dari.

"Wanakuja kugunduliwa wakiwa wamechelewa," Tabibu aliendelea, "au hawagunduliwi kabisa. Mioyo yetu haina tofauti na yao. Tofauti ni umbali, na kutojua njia."

"Basi hospitali kuu ni ya watu wa kule," Mama Mikate alisema. "Mimi nikafanye nini huko? Waone viatu vyangu vyenye unga? Na nani ataoka?"

"Hospitali kuu ni ya nchi nzima, mama. Ni yako kama ilivyo ya jirani yake anayeiona dirishani. Lakini ina njia yake. Zahanati inakupeleka hospitali ya mkoa, na hospitali ya mkoa inakupa rufaa. Ukienda moja kwa moja bila rufaa, unaweza kurudishwa mlangoni. Ukienda nayo, wanakutarajia. Nauli na malazi, tutamwona afisa wa ustawi wa jamii. Hiyo ni kazi yake, si hisani."

"Na kuoka," Fundi alisema, "nitaoka mimi."

Mama Mikate alimtazama mumewe kutoka juu hadi chini. "Mungu wangu. Wateja wangu."

Lakini siku ile alikubali.

Tabibu alimpa dawa za kupunguza maji mwilini, na akamkanya asiziache hata akijisikia vizuri. Kabla hawajaondoka alimwita Fundi pembeni.

"Baba, sikiliza. Hospitali ya mkoa watakuambia 'subiri, utaitwa.' Wengi wetu tunapotelea hapo. Tunarudi nyumbani kusubiri, hatuitwi, tunanyamaza. Ukiambiwa subiri, uliza: nasubiri nini? Hadi lini? Nisipoitwa, nimwone nani? Uliza kwa adabu, lakini usiondoke bila majibu."

Ikawa kama alivyosema. Hospitali ya mkoa daktari aliwapokea vizuri, akamsikiliza Mama Mikate kifua, akakubaliana na Tabibu. Kisha karani wa rufaa akasema, bila kuinua macho, "Sawa. Nendeni nyumbani. Mtaitwa."

Fundi alisimama pale dirishani. Kwa desturi yake alikuwa mtu wa kusema "asante" na kuondoka.

"Mwanangu," alisema, "samahani. Tunasubiri nini?"

Karani aliinua macho. "Nafasi, mzee. Hospitali kuu watupe tarehe."

"Hadi lini?"

"Kwa kawaida wiki mbili hivi."

"Na zikipita, nimwone nani?"

Karani alimtazama Fundi, kisha akacheka. "Mzee, umefundishwa na nani?"

"Na Tabibu wetu."

"Basi niachieni namba yenu, na yangu ni hii. Zikipita wiki mbili, nipigie mimi mwenyewe."

Zikapita wiki mbili. Hakuna aliyeita. Fundi akapiga. Karani alisema, "Ee! Mzee wa maswali!" Alifuatilia, na kumbe majina yalikuwa yamekwama ofisi nyingine. Kabla ya wiki kuisha, tarehe ikapatikana.

Mtoto wao mkubwa ndiye aliyemsindikiza mama yake hospitali kuu. Fundi alibaki kuoka. Kuhusu mikate aliyooka Fundi, inatosha kusema kwamba Kinyozi alinunua mmoja na kujaribu kuutumia kunolea wembe.

"Umekanda kwa nyundo?" aliuliza.

"Nimekanda kama ninavyojaza kochi. Nimeshindilia."

"Ndiyo nasema. Huu mkate hauhitaji siagi, unahitaji kitambaa."

Hata hivyo wateja waliinunua. Kila aliyekuja aliuliza habari za mgonjwa, na Fundi alieleza habari za vali, akifungua mlango wote, kisha nusu. Wakati mwingine alinasa kwa hiari yake.

Hospitali kuu walimpiga Mama Mikate picha ya moyo. Aliuona moyo wake mwenyewe kwenye kioo, ukipiga, na kile kimlango kikihangaika kufunguka.

"Maskini," aliuambia. "Umefanya kazi miaka yote hiyo hivyo hivyo?"

Daktari wa moyo alimweleza kwa upole. Wagonjwa wengine hupasuliwa na kuwekewa vali mpya. Yake ilikuwa na bahati. Iliweza kupanuliwa bila kupasua kifua. Mrija mwembamba ungepitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni. Mwishoni mwa mrija huo kuna puto. Puto likifika kwenye vali, linajazwa, linaachanisha pale palipoganda, kisha linatolewa.

"Puto?" Mama Mikate alisema. "Kama la watoto?"

"Dogo zaidi, na gumu zaidi."

"Likipasuka?"

"Linajazwa maji maalumu, kwa kipimo, nasi tunaliangalia kwenye kioo muda wote. Hatari zipo, mama, sitakudanganya. Lakini hatari ya kukaa bila kutibiwa ni kubwa zaidi."

Alikubali kwa mdomo wake mwenyewe. Kazi ilifanyika asubuhi. Usiku ule alilala chali, akalala fofofo, hata muuguzi akaja kumgusa mkono kuhakikisha ni usingizi.

Kitanda cha pili alilazwa msichana wa mjini mwenye ugonjwa uleule. Yeye alikuwa amegunduliwa alipokwenda kupimwa kikohozi tu. Hakuwahi kufika hata mto wa pili.

Mama Mikate alilifikiria jambo hilo. Daktari alipopita, alimuuliza, "Mwanangu, mbona wodi hii simwoni mtu wa mkoa wetu?"

"Kwa mwaka huu, mama, wewe ndiye wa kwanza niliyekutibu mimi."

"Kwa hiyo sisi wengine ni wazima?"

"Hapana. Ninyi wengine hamjafika. Tunayo mashine ndogo ya kubeba mkononi. Mikoa inayoomba, tunakwenda. Wa kwenu hawajaomba."

"Nani anaomba?"

"Hospitali ya mkoa, ikionyesha kwamba wagonjwa wapo."

Mama Mikate alijifunika shuka. "Wapo," alisema. "Nitakuonyesha."

Alirudi nyumbani na maelekezo yake. Adungwe sindano ya kuzuia ule ugonjwa wa koo usirudi, kila baada ya wiki nne. Meno ayasafishe vizuri, maana uchafu wa meno unaweza kuingia kwenye damu na kuumiza vali. Tarehe za kupimwa asizikose. Mambo hayo aliyashika kama anavyoshika kipimo cha hamira.

Kisha akaanza kazi nyingine. Kila aliyenunua mkate aliulizwa maswali. Unapanda mlima vipi? Unalala na mito mingapi? Miguu haivimbi? Na mwenye mtoto aliulizwa: akiumwa koo na homa unampeleka zahanati, au unamchua tu? "Mpeleke," alisema. "Koo la mtoto likitibiwa vizuri, moyo unasalimika. Mimi nilichuliwa." Aliowatilia shaka aliwapeleka kwa Tabibu, wengine kwa kuwashika mkono. Tabibu aliwasikiliza vifua na kuwaandikisha. Idadi ilipokuwa kubwa, daktari wa hospitali ya mkoa aliandika maombi.

Hospitali kuu walijibu kwamba watakuja.

Siku ya kliniki hiyo ya moyo, benchi la hospitali ya mkoa lilijaa. Karani wa rufaa alimwona Fundi, akamkimbilia kumsalimia. Mtoto mmoja wa shule aligunduliwa vali imeanza kuharibika kidogo tu. Alianzishiwa sindano, na daktari alisema kwa kuwahi vile huenda asihitaji puto wala kisu. Mama yake alilia kwa furaha, kisha akanunua mikate miwili.

Wa mwisho kwenye benchi alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati. Mama Mikate alimpata kwa shida. Kwa miaka miwili Mwalimu alikuwa akiambiwa ni uzee, na alikuwa ameshaukubali.

"Mimi nimekuja ili uniache kwa amani, mama," alisema.

"Vizuri, Mwalimu. Twende, ni zamu yako. Nitakueleza tukienda. Wanakupaka kitu cha baridi kifuani, usishtuke. Na kama ni vali, usiogope, ziko dawa, liko puto, na kuna wazee kuliko wewe wanaowekewa vali mpya kwa mrija, daktari mwenyewe kaniambia. Na ukiambiwa usubiri, mwombe Fundi wangu akufundishe yale maswali, na..."

Alisema hivyo kutoka kwenye benchi, akapanda naye ngazi, akapita naye ukumbini, hadi chumbani, bila kutua. Mwalimu alipanda akishika ukuta. Fundi alifuata nyuma amebeba kapu la mikate.

Daktari wa moyo alimkalisha Mwalimu na kumfungua vifungo vya shati.

"Mzee, pumzi inakubana lini zaidi?"

"Akipanda ngazi," Mama Mikate alijibu. "Na akilala. Ana mito mitatu."

"Mama," daktari alisema huku akiweka kipimo masikioni, "mwache ajibu mwenyewe. Halafu naomba kimya. Nataka kusikia."

Mama Mikate akafunga mdomo. Fundi akatua kapu taratibu sakafuni. Mle chumbani wote wakanyamaza, ili moyo wa Mwalimu upate kusikika.